Mabuti ya Somoe

Wameliezua paa. Mwezi uliopita nilikwenda Kilwa Masoko kwa shughuli za kikazi, na kijana wa bodaboda aliyenichukua stendi akapita njia ya kule chini, njia ambayo kwa miaka mingi nilikuwa naikwepa bila kujiuliza kwa nini. Nikamwambia asimame. Kiwanda chetu cha pweza kimebaki kuta tupu, mabati yote yameondolewa, na ndani mumeota majani mpaka kwenye mfereji tuliokuwa tukimwagia maji ya kuoshea. Nikaingia. Vigae vyeupe vya ukutani bado vipo, na misumari ya chumba cha kubadilishia nguo bado ipo, yote ina kutu. Yule kijana akanifuata mpaka mlangoni akaniuliza, mama umepoteza kitu? Nikamjibu ndiyo, halafu nikaona haya, maana angeniuliza ni kitu gani ningekosa la kumwambia. Nilikuwa nimesimama pale ilipokuwa meza yetu, mtu mzima na akili zangu, na kitambulisho cha msimamizi shingoni, nasikiliza kama kuna anayekuja nyuma yangu.

Nisimulie kwa utaratibu. Sasa hivi mimi nasimamia vijana katika kiwanda kidogo cha samaki hapa Lindi, na juzijuzi waajiri wetu walituletea mtaalamu wa kutufundisha namna ya kuwafanya wafanyakazi waipende kazi. Mtoto mzuri, kavaa vizuri, anazungumza vizuri. Alitueleza habari ya viti vinavyofaa mgongo, habari ya kusifia watu mbele ya wenzao, habari ya lugha ya staha. Kisha akataka kila mmoja wetu aseme ni mahali gani pa kazi palipowahi kumfaa kuliko pengine pote. Ilipofika zamu yangu nikasema ni Kilwa, mwaka wangu wa kwanza, nilipovishwa mabuti ya marehemu. Watu wakacheka, na yeye akacheka, akapita kwa jirani yangu. Sikumlaumu. Habari kama hiyo haielezeki katika semina, kati ya chai na maswali.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa nilipotoka kwetu Kiswere kwenda kuanza kazi pale. Meneja mwenyewe ndiye aliyenipokea, bwana mmoja mwembamba kutoka bara aliyeitwa Elisante, mpole, mwenye kofia nyeupe ya kiwandani ambayo hakuivua hata ofisini. Alinionyesha kila kitu kwa fahari, na haki yake, maana kabla yake, walivyonihadithia baadaye, wanawake walikuwa wakinywea chai wamechuchumaa nje juani. Yeye aliweka mabenchi. Alileta sabuni, akaleta glovu, akaweka chai ya saa nne kwa mandazi kwa mtu yeyote, hata kibarua wa siku moja. Alisema anataka tujisikie nyumbani. Kisha akafungua kabati, akatoa mabuti meusi, akaniambia mapya hayajafika, nivae haya kwanza. Niliyavaa. Yalinienea, isipokuwa buti la kulia soli yake ilikuwa imelika upande mmoja, upande wa nje, hivi kwamba nilipotembea mguu ulilalia kando na kutoa mlio wake peke yake kwenye sakafu yenye maji. Nikaingia nayo chumba cha kazi. Wanawake wote waliokuwa mezani waliinua vichwa kwa pamoja, wakanitazama miguuni, na mmoja akaangusha kisu. Hakuna aliyesema karibu.

Sijawahi kuona watu wanaofanya kazi kimya namna ile, tena watu wa pwani, wanawake, na visu mkononi. Pweza ana kazi yake: unampindua kichwa, unatoa matumbo, unatoa macho, unang'oa mdomo, unamsuuza kwenye beseni, unampanga kwenye trei, anakwenda barafuni. Ni kazi ya mikono, ulimi unabaki bure, na kule nilikokulia ulimi ulikuwa haukai bure. Pale ulisikia maji ya bomba na mashine ya barafu ikikoroma ukutani, basi. Saa nne tulikaa kwenye yale mabenchi ya meneja tukala mandazi ya meneja kama watu waliokuja kuhani. Aliyekuwa akimimina chai ni Bi Tatu, mkubwa wetu pale ndani, mama wa Kimatumbi mwenye sauti nzito. Kila siku alimimina kikombe kimoja zaidi. Akishakimimina anakitazama, anakiweka mwisho wa benchi, na pale mwisho wa benchi hakuna anayekaa. Siku ya kwanza nilidhani ni changu nikanyoosha mkono. Bi Tatu alinizuia kwa kuniwekea kiganja chake juu ya mkono wangu, taratibu, bila kuniangalia, akanipa kingine.

Chumba cha kubadilishia nguo kilikuwa na kanga moja iliyotundikwa msumarini, ya rangi ya udongo, na haikuwa ya mtu. Ilikuwa imekauka vumbi kwenye mikunjo. Kila mtu alitundika nguo zake kwa kuikwepa ile kanga isiguswe, mimi nikapewa msumari wa jirani yake. Na mezani nafasi yangu ilikuwa kati ya Bi Tatu na mama mwingine, mrefu, mkavu, jina lake Sesilia, Mngoni wa Songea aliyemfuata mume wake Kilwa siku nyingi. Sesilia hakunitazama. Sisemi alinitazama vibaya. Hakunitazama kabisa, kama vile pale kulia kwake pana ukuta. Akitaka beseni anazunguka meza nzima kulifuata, wakati liko mbele yangu. Wengine nao, siku wakijisahau wakataka kuniita, walianza kwa jina lisilo langu. “So...” halafu wanameza mate. Mimi ni Rukia. Ilichukua wiki kadhaa kabla sijasikia jina langu likitamkwa mle ndani, na aliyelitamka alikuwa meneja.

Bi Tatu ndiye aliyeniambia, siku ya maji mafu, bahari haikupwa vizuri, pweza hakuna, tumekaa tunasugua matrei nyuma ya kiwanda. Sikumuuliza. Alianza mwenyewe, kwa kusema kwamba kimya kingi kina mshindo mkuu, na kwamba mimi mtoto wa watu ninastahili kujua nimeingizwa wapi. Nafasi yangu, ile kanga msumarini, na mabuti, vilikuwa vya Somoe. Somoe alikuwa Mmwera wa huku Lindi, mguu mmoja una kilema kidogo tangu utotoni, na Sesilia alikuwa mtani wake. Hapo sihitaji kumweleza mtu wa kusini, lakini kwa asiyejua: Wangoni walipigana na babu zetu, na amani ilipokuja wakaachiana ruhusa ya kutukanana hadi mwisho wa dunia bila mtu kukasirika, na wajibu wa kuzikana. Bi Tatu alisema mle ndani asubuhi ilikuwa haianzi mpaka Sesilia amwite Somoe mateka wake, amwamuru ambebee ndoo, na Somoe amjibu kwamba Mngoni ni mwizi wa kuku tangu kuumbwa kwake. Wakishaanza wao, meza nzima inafuata. Watu walikuwa wakija kazini na homa zao ili wasipitwe.

Kisha wakaja wanunuzi, wageni wa ng'ambo na mkalimani wao. Wakakuta Sesilia amesimama na kisu anamfokea Somoe, mtumwa wewe, nitakuuza. Mgeni akauliza anasema nini, na mkalimani, Mungu amsamehe, akamtafsiria sawasawa. Wageni waliondoka na nyuso zimebadilika. Meneja aliogopa kupoteza soko, na zaidi ya hayo, nasema haki, aliona aibu kweli. Alidhani kuna mtu ananyanyaswa chini ya macho yake. Akatukusanya, alisema Bi Tatu, akatuambia kwa upole wake kwamba anataka pahali pa kazi penye heshima. Kuanzia siku ile atakayemwita mwenzake jina la dharau, kwa kabila au kwa kilema, hana kazi. Bi Tatu akajaribu kumweleza kuwa hao ni watani. Akajibu kwamba anajua utani, hata kwao upo, lakini kazini si mahali pake, hasa penye visu. Ukiyasikiliza maneno yake hayana kosa.

Miezi michache baadaye Somoe akashikwa na homa, akafa. Na meneja, Bi Tatu akaendelea, akafanya kila jambo jema analolijua. Alifunga kiwanda, akatoa gari, akatoa mchele, akatupeleka msibani sote na makoti meupe ya kazi, tumekaa mkekani kwa safu, mikono mapajani. Kabla hatujashuka garini akatukumbusha kwamba tunakwenda kama kampuni, tuoneshe heshima, na akamtazama Sesilia. Jeneza likatolewa. Pale ndipo mtani wa marehemu anapoziba mlango, anajilaza kizingitini, anadai fedha, anaiga mwendo na sauti ya marehemu, anamkataza asiende. Na watu wanacheka katikati ya kilio, na maiti inaondoka imeagwa. Mlango ulikuwa wazi. Mama yake Somoe, bibi kizee asiyeona vizuri, akauliza kwa sauti, “Mngoni wa mwanangu yuko wapi?” Sesilia alikuwa hatua chache tu kutoka kwake, ndani ya koti jeupe. Ana watoto wanne na mume mgonjwa. Hakujibu. Jeneza likapita.

“Basi tangu siku hiyo,” Bi Tatu akaniambia, “Somoe hajatoka mle ndani. Na wewe umeletwa unatembea na miguu yake.”

Nilicheka, kijana ni kijana. Lakini usiku ule sikulala vizuri, na kesho yake niliposhuka ngazi ya barafuni na trei nikausikia mlio wangu mwenyewe. Hatua moja nzito, moja inayoburuta. Nikasimama, ukasimama. Nikaenda, ukaenda. Na nikaona migongo ya wale wanawake inavyokakamaa kila ninapokaribia, na nikajua kwamba kila siku, kutwa nzima, mimi ndiye ninayewaletea maiti mezani. Nilimwomba meneja mabuti mengine. Akasema yameagizwa Dar. Nikajaribu kutembea kwa uangalifu, nikaweka kitambaa ndani, wapi. Soli ilikuwa imejifunza mguu wa mwenzangu na haikutaka kujifunza wangu. Baada ya muda hata nikivua, hata nikiwa pekupeku nyumbani nilikopanga, nilikuwa nalalia upande wa kulia. Mama mwenye nyumba aliniuliza nimeumia lini. Na kuna siku, wallahi, nilisafisha koo kabla ya kusema, nikaona Sesilia ameshika ukingo wa meza kwa mikono miwili. Kumbe Somoe alikuwa haanzi neno bila kukohoa. Mimi sikuwahi kumwona yule mwanamke hata mara moja. Nilianza kuogopa kwamba nikikaa pale hadi mwisho wa mwaka, atakayerudi Kiswere hatakuwa Rukia. Nikaamua nitaacha kazi bamvua lililokuwa linakuja, yale maji makubwa ya kuvulia pweza, likiisha.

Bamvua lilikuwa kubwa. Wavuvi walileta pweza mpaka mabeseni yakajaa na mengine yakawekwa chini. Kazi ilipopamba moto meneja alinituma barafuni, nikarudi na trei mbili, nikiharakisha, na kwa kuharakisha ule mguu uliburuta kuliko siku zote. Mwenzetu mmoja aliyekuwa amegeuka nyuma aliusikia, akapiga ukelele, na kisu kikampasua kiganja. Damu ikaingia kwenye beseni. Bi Tatu akamfunga kitambaa, akamtoa nje, na wakatoka wote. Hawakugomba. Waliweka visu mezani, wakatoka mmoja baada ya mwingine, wakasimama uani. Mimi nikabaki na trei zangu. Meneja akaenda kuwasihi. Pweza wanaharibika, aliwaambia, semeni mnachotaka, nini nimewapungukia? Masikini, alikuwa karibu kulia. Alisema ataita shehe asome dua, atarekebisha taa, atawapa siku ya mapumziko. Bi Tatu akamjibu kwamba hawana ugomvi naye, lakini mle ndani kuna mtu hajaagwa, na hawarudi.

Sesilia hakuwa uani. Nilimwona mbele yangu, na kwa mara ya kwanza alikuwa ananitazama, usoni, kwa muda mrefu.

“Wewe mateka wa Kiswere,” akaniambia, “vua mabuti.”

Mlango ulikuwa wazi na meneja alisikia. Sote tulijua neno lile lina bei gani. Sesilia hakugeuka. Nikavua, akayavaa, akaenda kwenye ule msumari, akaikung'uta kanga vumbi akaifunga kifuani. Kisha akatoka uani, na hapo ndipo nilipomwona Somoe. Mguu ulikuwa wake, bega limeshuka, mkono mmoja kiunoni. Akakohoa. Akauliza kwa sauti nyingine kabisa, nyembamba, ya puani, mbona tumesimama kama kuku walionyeshewa. Akamwendea Bi Tatu akamwambia kila siku unanimiminia chai isiyo na sukari, umeniona maiti ndiyo unibanie? Akamgeukia aliyejikata: nilipokuwa hai ulikuwa hujui kushika kisu, nimekufa bado hujui. Alimsema kila mtu. Na alimsema Somoe pia, uchoyo wake wa pilipili, uvivu wake wa kuamka, jinsi alivyokuwa akijipaka wanja kuja kupasua pweza, eti nani atamwona. Nilisikia kicheko cha kwanza, kikazibwa kwa kiganja, kikatoka tena. Bi Tatu alicheka hadi akakaa chini, na pale chini akaanza kulia kwa sauti, na wote wakalia, wanacheka wanalia.

Akafika kwa meneja. Akamzunguka, mguu unaburuta kwenye kokoto. Akanyoosha mkono, akamvua ile kofia nyeupe, akaivaa yeye.

“Meneja, ulinizika vizuri,” akamwambia. “Kwa mchele na gari. Lakini ulinizika kimya, kama mwizi.”

Bwana Elisante alikuwa na upara, ndiyo kwanza tunauona. Angeweza kumwita jina lake, Sesilia, huna kazi. Naamini alilitafuta jina hilo. Mwisho akasema, “Bi Somoe, nisamehe.” Akainamisha kichwa kama anavyoinamisha mtoto anayengoja kofi, na akasogea kando ya geti.

Tulitoka na Sesilia. Wanawake wote, na aproni zetu za damu ya pweza, mimi pekupeku nyuma yao, mpaka kwa mama yake Somoe, huko nyuma ya soko. Bibi alikuwa kibarazani anapepeta mchele. Sesilia aliingia uani anaburuta mguu, hajasema neno bado. Yule mama aliacha ungo. Akasikiliza hatua zinakuja hadi zikasimama mbele yake.

“Mngoni wa mwanangu,” akasema, “umechelewa.”

Sesilia akaanguka kizingitini, hapohapo ambapo alitakiwa kuanguka siku ile, na akalia kwa sauti yake mwenyewe. Bibi akajisogeza mkekani akampisha. Mabuti yalibaki kwa bibi. Sisi tulirudi kiwandani alasiri tukamkuta meneja na vijana wawili wa barafu wanapasua pweza, kichwa wazi, wameharibu wengi. Bi Tatu akamnyang'anya kisu akamwambia toka hapa, unatutia hasara. Kesho yake meneja akanipa mabuti yake mwenyewe ya ofisini, makubwa, yalinipwaya. Sesilia akaniangalia nikiyakokota akasema hata kuiba viatu mateka hajui kuchagua. Nikamwita mwizi wa kuku. Sikuacha kazi. Sijui nieleze vipi kwa mtaalamu wa semina, lakini siku niliyotukanwa mimi mwenyewe ndiyo siku niliyoajiriwa.

Sesilia alirudi kwao Songea mume wake alipofariki, na miaka yote hii tumekuwa tukipigiana simu, salamu baadaye, matusi kwanza. Wiki iliyopita simu yake iliita nikiwa kazini, asubuhi. Nikapokea kwa matusi kama kawaida. Ilikuwa ni sauti ya binti yake. Akaniamkia shikamoo, kisha akasema mama yake amefariki jana na sasa hivi wanataka kumtoa ndani. “Alituambia tusimtoe mpaka tumpigie mateka wake wa Kiswere. Hapa watu wamekaa tu, mama. Hakuna anayesema kitu.”

Nilikuwa katikati ya chumba cha kufungashia. Vijana wangu walikuwa mezani, kila mmoja na waya zake masikioni, hawana neno na mtu. Nikamwambia binti aweke spika na asogeze simu kwa marehemu. Nikavuta pumzi. Nikamwita Sesilia kwa sauti ambayo sijaitumia miaka mingi, nikamuuliza anakwenda wapi, nani amempa ruhusa, maisha yake yote hajawahi kuwahi mahali, leo ndiyo anajifanya ana haraka? Nikamwambia Wangoni walikuja huku kututeka wakashindwa hata kubeba mizigo yao wenyewe, na huko anakokwenda asidhani atakuta wa kumbebea ndoo. Nilimtukana mpaka nikaishiwa. Upande wa pili mzee mmoja akacheka, na nyuma yake wengi, na kile kicheko kikageuka kilio kikubwa cha nyumba nzima. Simu ikakatika.

Nilipogeuka, vijana wote walikuwa wametoa waya masikioni. Wamesimama wananitazama, visu mkononi. Mmoja, mgeni mgeni, aliyeletwa mwanzo wa mwaka na hazungumzi na mtu, alinisogelea akaniuliza nilikuwa namtukana nani. Nikamwambia mtani wangu, wanamzika. Akatazama chini kidogo.

“Na mimi, mama,” akasema, “mtani wangu ni nani hapa?”

Nikajifuta uso kwa aproni, nikamwambia avute kiti akae, aniambie kwanza kwao ni wapi.